Ganda la mkate

Nilikuwa nimejiapia kutosema na mtu ndani ya ile ndege. Nilikuwa natoka Kinshasa, siku nne za kufuata karatasi moja yenye mihuri mitatu, na usiku wa mwisho mbu wa pale nilipolala walinila mpaka nyayo. Ndege iliyotakiwa kuondoka alfajiri iliondoka jua limeshakuwa kali. Hakuna aliyetueleza sababu, na baada ya muda hakuna aliyeuliza. Juu ya hayo, ukitoka Kinshasa kuja kwetu Lubumbashi unaibiwa saa moja, maana nchi hii ina majira mawili: Kinshasa wakiwa bado wanapiga mswaki, sisi tumeshakunywa chai. Basi nililipia Go-Pass yangu, ile kodi ya uwanja wa ndege, nikakaa dirishani, nikafumba macho kama mtu aliyefiwa ili nisisumbuliwe.

Tukatua Mbuji-Mayi. Wa Mbuji-Mayi wakashuka, sisi wa Lubumbashi tukaambiwa tubaki vitini. Mlango ukaachwa wazi, joto likaingia bila tiketi. Kisha wakaanza kupanda wapya. Mbuji-Mayi ni mji wa almasi, lakini ni mji ambao kitu hakiufikii kwa urahisi: kipande ndege, au kije kwa treni mpaka Mwene-Ditu halafu kimalizie barabarani. Labda ndiyo maana watu wake wana ufundi wa kufunga mizigo nisioujua kwingine. Mfuko ndani ya mfuko, kamba juu ya kamba, na bado mwenyewe anakuambia ni mkoba mdogo tu wa mkononi.

Wa mwisho kuingia akawa wa kiti changu cha jirani. Mwanamke wa rika langu, amevaa libaya ya kijani na kitenge chake, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani. Alinisalimia kwa Kifaransa, "Bonjour, mama," nami nikajibu hivyohivyo nikarudi kufumba macho. Alimaliza simu yake kwa Kiluba. Sikumtilia maanani.

Tulipokuwa angani wakatugawia vile visanduku vya karatasi: mkate mmoja, jibini kipande, juisi. Mimi nilikula changu kwa pupa ya mtu aliyeamka usiku. Yeye alifungua mkate kwa vidole viwili, akachomoa ule ulaini wote wa ndani, akaufinyanga kidogo, akauweka juu ya kitambaa cha karatasi. Hakuuweka kama mtu anayetupa. Aliuweka kama mtu anayemwekea mtu. Kisha akaanza kula ganda, akizunguka kutoka ukingoni, taratibu, kama panya mwenye adabu.

Nikahisi kitu tumboni. Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu akila mkate namna ile, na alikuwa na miaka kumi.

Nikageuka. Nikamtazama bila haya, sikio, kidevu, mkono. Naye akaniona namtazama.

"Mama, unaombaka mukate?" akaniuliza, kwa Kiswahili sasa. Na si Kiswahili cha Mbuji-Mayi. Kiswahili chetu cha Katanga, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hudhani tunatania.

"Hapana," nikasema. "Weye hauko mutoto ya Panda? Ku Likasi?"

Akaacha kutafuna.

"Kulikuwa mapasa," nikaendelea. "Mumoja alikulaka inje ya mukate, mwingine alikulaka ndani."

Alivaa miwani yake. Alinitazama muda mrefu, mpaka msichana wa ndege akapita mara mbili na kigari chake. Kisha akataja jina langu, lile la utotoni, ambalo hata mume wangu halijui.

Nitamwita Mbuyi. Si siri kubwa: kwa Waluba wa Kasai pacha mmoja huwa Mbuyi na mwenzake Kabanga, kwa hiyo nikiandika Mbuyi nimewataja maelfu. Mama yao sisi watoto tulimwita Mama Mapasa, mama wa mapacha, na sidhani kama nilipata kujua jina lake jingine.

Kwa msomaji wa mbali inabidi nieleze kidogo. Likasi iko kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, mji wa viwanda vya shaba, na Panda ni komini yake mojawapo. Baba yangu alikuwa fundi umeme kiwandani, baba yao alikuwa karani. Babu yao ndiye aliyetoka Kasai. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, ilipotaka mikono mingi katika miaka ya 1920 iliitafuta mbali, na reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 ikapita katikati ya nchi ya Kasai na kuwaleta watu kusini. Wakazaa, wakajenga, wakazika. Mbuyi na Kabanga walizaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kasai walikuwa hawajawahi kuiona. Kiluba chao kilikuwa cha kuagizwa chumvi na kukemewa.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ambayo katikati ya miaka ya 80 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ikafika mwaka 1993 ikitoa karibu 50,000 tu. Ukiweka takwimu hizo mbili ubavu kwa ubavu unaanza kuelewa jinsi jirani alivyogeuka mtu wa kuhesabiwa. Mwezi wa nane 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Wengine walicheza barabarani, wengine walichukia. Katika Shaba, kama jimbo la Katanga lilivyoitwa wakati ule, wakubwa walishakuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na vijana wa chama cha UFERI wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu wa Kasai wakaitwa *bilulu*. Wadudu. Likasi ilianza kuwafukuza mwaka ule, Kolwezi ikafuata mwaka 1993.

Waliofukuzwa walikimbilia stesheni. Makumi ya maelfu, wakilala chini ya mabati na maturubai, wengine majuma, wengine miezi, wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ya babu. Reli ileile. Sijui kama kuna aliyeona kichekesho hicho wakati ule. Nadhani walikuwa na njaa mno.

Siku moja baba alirudi kutoka stesheni na mashini ya kushona begani, cherehani kama mnavyosema wa pwani. Singer nyeusi ya mkono, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika upande wa gurudumu. Ilikuwa ya Mama Mapasa. Bei: nusu gunia la unga na vipande viwili vya sabuni. Mama yangu aliiweka chini ya dirisha, na kwa mashini ile alitushonea, akashonea mtaa, akalipa masomo yetu sisi sita. Mimi nimesoma kwa mashini ile. Nikiandika hapa mnasoma kazi yake.

Kwa miaka 31 nimebeba mashini hiyo moyoni. Nilishawahi kuandaa maneno, nikiwa naosha vyombo, ya siku nitakayokutana na mmoja wao. Maneno mazuri, yenye machozi mahali pake.

"Kabanga eko wapi?" nilimuuliza kwanza. Ndilo swali la mtu yeyote anayekutana na pacha mmoja.

"Kabanga alibakiaka ku Kamina."

Nikafurahi. Kamina si mbali sana, nikasema, binamu yangu anaishi Kamina, ana duka karibu na reli, nitampa namba yake. Mbuyi aliniacha nimalize. Aliukunja ule ulaini wa mkate ndani ya kitambaa chake, pembe kwa pembe, mara nne.

"Treni ilisimamaka pale siku tatu," akasema. "Alikuwa anahara tangu Likasi. Papa alichimba na watu wengine, kulikuwa watoto wengi. Hatukuwekaka hata kimuti."

Nje kulikuwa na mawingu na chini yake ile nchi ya kahawia ya mwezi wa tisa, moshi wa nyika ukipanda hapa na pale. Nilijaribu kukisia Kamina ilikuwa upande upi wa bawa. Mbuji-Mayi mpaka Lubumbashi kwa ndege ni zaidi kidogo ya saa moja. Wao, kutoka siku walipofika stesheni ya Likasi mpaka waliposhuka Mwene-Ditu, walitumia miezi miwili na nusu. Hakusema hivyo kwa kulalamika. Nilimuuliza, akahesabu kwa vidole.

Basi nikatoa maneno yangu. Nikamweleza kuhusu mashini, baba, unga, sabuni. Nikaomba msamaha kwa niaba ya nyumba nzima. Nililia kweli, abiria wa ng'ambo ya ujia akajifanya anasoma kile kijikaratasi cha jinsi ya kuvaa boya.

Mbuyi alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mashini gani?" akauliza.

Hakuikumbuka. Alijua mama yao alikuwa akishona, ndiyo, lakini walikuwa wameuza vitu vingi pale stesheni: vitanda, redio, sufuria, mlango. Baba yao aling'oa mlango wa nyumba akauuza, hilo alilikumbuka vizuri kwa sababu usiku ule walilala nyumba haina mlango. Mashini, hapana. Na unga, akasema, kama baba yako alileta unga basi Mungu amubariki, tulikula. Wengine walichukua bure.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa nimesamehewa angani, kwenye futi elfu thelathini, na jibini mkononi.

"Miye ninakumbuka kintu kingine," akasema.

Akaniambia juu ya asubuhi moja kabla hawajaenda stesheni. Walikuwa bado wanakwenda masomo, yeye na Kabanga, kwa sababu baba yao alisema ujinga huu utapita. Njiani, karibu na bomba la maji lililokuwa likivuja mwaka mzima, kundi la watoto lilikuwa linawangoja. Wakawaimbia. *Bilulu, murudie kwenu. Bilulu, murudie kwenu.* Wakipiga makofi kwa mapigo ya wimbo wetu wa kuruka kamba. Hakuna aliyewagusa. Kabanga alicheka, alidhani ni mchezo, akaanza kuruka.

"Weye ulikuwa mbele," Mbuyi akasema. "Njo weye ulikuwa unajua kuimba."

"Si miye," nikasema papo hapo.

"Weye."

"Mbuyi, si miye. Ningekumbuka."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mwalimu. Na kumbe ni mwalimu, hesabu, sekondari; hilo alikuwa ameniambia mwanzoni na sikulisikia kwa haraka ya kutaka kulia. "Bomba unalikumbuka?" akauliza.

Bomba ninalikumbuka. Wimbo wa kamba ninaukumbuka, ningeweza kuuimba pale pale. Ni kweli nilikuwa ndiye mwimbishaji, kanisani, darasani, kila mahali. Sauti yangu ilikuwa ndiyo mali yangu. Lakini asubuhi hiyo sina. Nimeitafuta kila usiku tangu siku ile. Naona bomba, naona tope lake, naona soksi za mapacha zilizovutwa mpaka magotini. Sijioni. Na sasa sijui kama hizo soksi nazikumbuka mimi au nimezipata kwake.

Ninachoweza kukiri ni hiki. Mashini ilikuwa dhambi ya baba. Ni rahisi kuomba msamaha kwa dhambi ya baba. Unaonekana mtoto mwema na inakuacha msafi. Nilijichagulia kosa linalonifaa nikalitunza miaka 31, nikalipangusa vumbi, na huku la kwangu limelala mahali pengine, kwa mtu mwingine, likiwa limetunzwa vizuri kuliko nilivyotunza mimi.

Hatukusema tena kwa muda. Nilitaka anikasirikie. Yeye alifungua mkoba, akatoa pipi za tangawizi, akanipa mbili bila kunitazama.

Rubani alipoanza kushuka alizunguka upande wa mji, tukauona: mabati, barabara zilizonyooka za Wabelgiji, mijakaranda imeanza kufunguka zambarau, ule mnara wa moshi, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Mbuyi alinilalia karibu mapajani ili aone.

"Mulima umekuwa mufupi," akasema.

Ni kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanauchota tena ili kutoa kobalti iliyoachwa ndani na wa zamani, na umepungua. Sisi tunaoishi hapa hatuoni, tunauona kila siku. Alikuwa ameuona mara moja tu, akiwa na miaka minane, tulipoletwa Lubumbashi na masomo kwa lori. Mbuyi aliogopa, akasema ni mlima uliochomwa moto. Hilo nalikumbuka mimi, na yeye alikuwa amelisahau, nikamrudishia. Akafurahi kuliko nilivyotarajia.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ulikuwa bado wa kushuka kwa ngazi na kutembea kwa miguu juani. Vijana wa mizigo walikimbilia kitambulisho chake cha mzigo, yeye akawakatalia kwa Kiswahili kilichowafanya warudi nyuma na kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuja kusahihisha mitihani, wiki moja. Hakuwa amekanyaga Katanga tangu 1992. Alikuwa na vitu viwili tu na mfuko wa maharage, zawadi ya mtu asiyejua atampa nani.

Jumamosi nikampeleka kwa mama, Katuba. Sikumwonya mama kwa simu. Niliogopa ataandaa maneno kama mimi. Mama ana miaka 74, macho yamepungua lakini bado anashona: sare za kwaya, foronya, mifuko ya nailoni iliyotoboka. Alikuwa amekaa barazani, mashini mezani, mjukuu wake wa miaka sita akimzungushia gurudumu, maana mkono wa kulia umemchoka.

"Mama, nimekuletea mugeni."

Mbuyi akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa Panda. Mama alimshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, huku na huku. Hakuuliza ni nani. Akauliza: "Mumoja?"

"Mumoja, Mama," Mbuyi akajibu.

Mama akamwachia kidevu, akaendelea kumshika mkono. Wakakaa hivyo. Mimi nilikwenda kusonga bukari, kwa sababu kuna wakati mtu mzima anatakiwa awe jikoni. Kupitia dirishani nilisikia vipande vipande: ndugu wangapi, baba alikufa lini, mama yenu alizikwa wapi, bei ya unga Mbuji-Mayi. Mama hakutaja mashini. Mbuyi aliitazama mara moja, kama unavyotazama meza.

Baada ya kula mama aliona upindo wa kitenge cha Mbuyi umefumuka. Hakuomba ruhusa. Alimpa kitenge changu ajifunge, akachukua kile cha kwake, akakitandika chini ya sindano. Mtoto akashika gurudumu. Mbuyi alisimama nyuma yao peku, amejifunga kitenge changu chenye picha za samaki, mikono nyuma, akitazama mshono ukienda. Ulienda vizuri mpaka katikati. Kisha ikasikika ile sauti, tak, na gurudumu likazunguka bure.

"Kambo," mtoto akasema, "Mama Mapasa amekata tena uzi."

Ndivyo tunavyoiita. Tangu nikiwa na miaka kumi hatujaiita vingine: leta Mama Mapasa, funika Mama Mapasa, Mama Mapasa anataka mafuta. Watoto wamelikuta jina, wanadhani ndilo jina la kitu.

"Nani?" Mbuyi akauliza.

Mtoto akamwonyesha mashini kwa kidole. Mama aliuma uzi kwa meno, akaulowesha, akautafutia tundu la sindano. Ilimchukua mara tatu.